Tabo kubwa, mfuko mtupu: Usajili unaowatesa madereva wa mbio Moro

TUWEKE pembeni Simba na Yanga kwa dakika chache. Najua ukurasa huu umezoea kukupa nani kasaini wapi, mkataba wa miaka mingapi, na nani kapokewa uwanja wa ndege kwa msafara wa bodaboda. Leo pia ni habari ya usajili. Tofauti ni kwamba anayesajiliwa hana miguu wala meneja. Ana feni mbili zilizofungwa kwenye mhimili mmoja, na akiwa kazini anazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika.

Anaitwa turbo. Mafundi wa hapa Mji Kasoro Bahari wanasema tabo, na mimi nitawafuata wao.

Ilikuwaje nikafika huko? Wiki iliyopita nilikwenda gereji moja nyuma ya Msamvu kumtafuta beki mmoja wa zamani ambaye siku hizi anachomelea mageti. Beki sikumkuta. Nikakuta Mitsubishi Lancer Evolution nyeupe imepandishwa juu ya stendi nne, boneti imetolewa, na watu saba wameizunguka kama wanaangalia marudio ya penalti yenye utata.

Mwenye gari ni kijana wa Kihonda, umri wangu au kanizidi miaka miwili. Anakimbia mbio za magari kwa hela yake mwenyewe, hana mdhamini zaidi ya shemeji yake. Mikononi alikuwa na boksi, na ndani ya boksi kulikuwa na tabo ya Garrett, aina ya GT35, imetoka nje, inang'aa. Pesa aliyoitoa hapo ingenunua bodaboda mpya kabisa, na sehemu kubwa ni ya kukopa.

"Shikamoo Mjomba," alisema kijana, akaliweka boksi juu ya meza.

"Marahaba, mwanangu. Umeniletea nini?"

Mjomba ndilo jina la fundi mkuu pale. Kwa Waluguru, ambao ukoo wao unafuata upande wa mama, mjomba akitoa kauli nyumbani mjadala umefungwa. Gereji nako ni vivyo hivyo. Alilifungua boksi, akaitoa ile tabo, akaizungusha feni kwa kidole, akaiangalia dhidi ya jua. Halafu akauliza swali ambalo liliwanyamazisha wote.

"Tundu lako milimita ngapi?"

Msomaji wangu wa soka, hapo ndipo mchezo wote ulipo. Naomba nikupeleke taratibu, maana hata mimi nilielezwa mara mbili.

Injini inakula vitu viwili, hewa na mafuta. Mafuta kuongeza ni rahisi, unabadilisha nozeli na pampu. Hewa ndiyo ngumu, kwa sababu silinda ya lita 2.0 ina nafasi ya lita 2.0 tu. Tabo inachukua moshi unaotoka injini, ambao vinginevyo ungepotea kwenye ekzosi, inautumia kuzungusha feni ya kwanza. Feni hiyo inaizungusha ya pili upande wa pili wa mhimili, na hii ya pili inaishindilia hewa ndani ya injini kwa nguvu. Hewa nyingi, mafuta mengi, moto mkubwa. Ndo maana gari la injini ndogo linaweza kulipita la injini kubwa mlimani.

Mfano mzuri tunao hapa hapa nyumbani. Bert Shankland, aliyekuwa akiishi Dar es Salaam, alishinda East African Safari mara mbili mfululizo, 1966 na 1967, akiendesha Peugeot 404. Injini yake ilikuwa ya lita 1.6, na 404 ya kutoka kiwandani haikufika nguvu za farasi 100. Leo magari ya daraja la Rally2, ambayo ndiyo yanayotesa kwenye mbio za Afrika, nayo yana injini ya lita 1.6, lakini yanatoa karibu farasi 290. Lita zilezile. Kilichoongezeka kikubwa ni tabo na kompyuta ya kuisimamia.

Ndiyo hao anaowakimbiza huyu kijana wa Kihonda. Karan Patel wa Kenya alitwaa ubingwa wa Afrika mwaka 2023 akiwa na Ford Fiesta ya daraja hilo. Sasa wewe una Evo iliyozeeka, umeinunua mkono wa tatu, unamwona mwenzako anaondoka kwenye kona kama mpira wa Aziz Ki. Unafanyaje? Unafikiria kusajili straika.

Na straika mwenye jina ndiye huyu GT35. Imetengenezwa kwa ajili ya injini zinazotafuta farasi hadi 600 hivi. Kijana alinikatia hesabu yake bila aibu: tabo yake ya zamani, TD05 iliyokuja na gari, inampa farasi 300 na kitu. Hii mpya ni ya 600. Hata akipata nusu ya nyongeza, kashawaacha Wakenya.

Mjomba hakucheka. Akachukua bisibisi, akachora duara kwenye vumbi la sakafu.

"Hili ndo tundu lako," alisema. "Kila hewa inayoingia kwenye tabo lazima ipite hapa."

Kanuni za mbio za magari zina kitu kama kanuni ya wachezaji wa kigeni kwenye ligi yetu. Huwezi kusajili unavyotaka. Mbele ya tabo, kabla hewa haijaifikia feni, linafungwa bomba lenye tundu dogo, wanaliita restrikta. Kwa miaka mingi Subaru na Mitsubishi za Group N zilibanwa na tundu la milimita 32. Magari makubwa ya ubingwa wa dunia yalipewa 34 kuanzia 1995, na 36 yalipokuja yale ya 2017. Rally2 za leo zinapumua kwa 32. Fomu ya daraja aliloingia kijana wetu inasema 34.

Sasa sikiliza uchawi wa lile tundu. Hewa ikivutwa kupita kwenye tundu, inaongeza kasi. Ukivuta zaidi, inaongeza kasi zaidi, mpaka ifikie kasi ya sauti. Ikifika hapo imekwisha. Uivute kwa tabo ya milioni moja au ya milioni kumi, haiongezeki hata punje. Tundu la milimita 34, usawa wa bahari, linapitisha kama kilo 13 za hewa kwa dakika. Kilo 13 za hewa kwa dakika ni farasi 300 na ushee. Ndiyo dari yako.

Tabo yake ya zamani ina uwezo wa kusukuma kama kilo 15. Yaani tayari ina uwezo kuliko tundu. Ile ya kwenye boksi inasukuma zaidi ya kilo 25. Umemsajili mtu anayekula sahani mbili za wali, nyumbani mnapika nusu sahani.

Kijana alinyamaza. Mimi nikauliza swali la kijinga, kwamba basi si itakuwa ileile tu, farasi 300 kwa 300? Kwamba hajapata lakini pia hajapoteza?

"Angekuwa na bahati kama ingekuwa hivyo," alisema Mjomba.

Hapa ndipo uchambuzi wa kweli unapoanza, kwa sababu mashabiki wengi wa mbio, na nasikitika kusema hata wenzangu wa vyombo vya habari, tunasoma namba moja tu. Farasi wangapi. Ni sawa na kumsoma straika kwa mabao peke yake bila kuuliza anagusa mpira dakika ya ngapi.

Feni kubwa ni nzito. Ili ianze kuzunguka kwa kasi inahitaji moshi mwingi, na moshi mwingi unapatikana injini ikiwa juu. Kwenye injini ya lita 2.0, tabo kama GT35 inaamka vizuri injini ikishapita mizunguko 4,500 kwa dakika, wakati mwingine inakaribia 5,000. Ile TD05 inaamka kwenye 3,000 na kitu. Halafu kumbuka lile tundu: kwa milimita 34, hewa inafika mwisho injini ikiwa 5,500 hivi. Baada ya hapo unapiga kelele tu. Kwa hiyo gari lenye tabo kubwa lina dirisha la mizunguko 1,000 la kufanyia kazi, na lenye tabo ndogo lina dirisha la zaidi ya 2,000.

Sasa lipeleke hilo dirisha barabarani kwetu. Anayeijua barabara ya kupanda Mgeta, au ile ya Kinole, anajua ninachosema. Uluguru haikupi mnyoofu. Milima hii inapanda kutoka mji ulio kwenye mita 500 hivi mpaka vilele vinavyozidi mita 2,600, na barabara zake zinajipinda kama nyoka aliyekanyagwa. Kona, breki, gia ya pili, kona nyingine. Injini inashuka 3,000, inapanda, inashuka tena. Kila ikishuka, tabo kubwa inalala. Unakanyaga mafuta, unahesabu moja, mbili, ndipo inaamka. Na ikiamka inaamka yote kwa pamoja, wewe ukiwa katikati ya kona, kushoto ukuta wa udongo mwekundu, kulia mashamba ya migomba yaliyo mita nyingi chini yako.

Hapa sizungumzii sekunde tena. Nazungumzia dereva na msoma ramani wake kurudi nyumbani.

Chini kwenye mashamba ya mkonge upande wa Kingolwira na Tungi, mambo ni tofauti kidogo. Kuna mistari mirefu katikati ya mkonge ambapo gari linaweza kufunguka, na tabo kubwa ingepata nafasi ya kuonesha sura yake. Lakini mistari hiyo inakutana kwa kona za nyuzi 90. Unasimama karibu kabisa, unageuka, unaanza upya. Kila njia panda ya mkonge ni mtihani wa nani anaamka mapema.

Mitsubishi wenyewe walilijua hili. Walipotoa Evo ya nne mwaka 1996, hawakukimbilia tabo kubwa. Waliigawa njia ya moshi mara mbili: silinda ya kwanza na ya nne zikapewa mlango wao, ya pili na ya tatu mlango wao, ili msukumo wa moshi wa silinda moja usivuruge wa nyingine. Feni ikawa inaamka mapema bila kupunguzwa. Hawa ni watu waliokuwa na hela ya kununua tabo yoyote duniani. Wakachagua kuiamsha mapema.

Kijana akatoa silaha yake ya mwisho, na nikiri ilikuwa nzuri. Alisema Mjomba unazungumza habari ya Moro tu, mimi nataka kupanda Iringa, na huko hewa ni nyepesi. Tabo ndogo itachoka.

Hoja hiyo ina ukweli. Hapa Morogoro mjini presha ya hewa ni kama bar 0.95. Iringa, mita 1,600 hivi juu ya usawa wa bahari, inashuka mpaka 0.84. Naivasha, wanakokimbilia Safari Rally tangu iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021, unakaribia mita 1,900, na presha ni kama 0.80. Injini isiyo na tabo ikienda Naivasha imepoteza moja ya tano ya nguvu zake kabla haijawashwa.

Tuseme unataka ndani ya injini iwe na bar 2.2. Morogoro tabo inatakiwa kuizidisha hewa ya nje mara 2.3. Iringa mara 2.6. Naivasha mara 2.7. Ni tabo ileile, kazi imeongezeka, feni inabidi izunguke kwa kasi zaidi ili kufikia palepale. Tabo ndogo iliyokuwa imetulia Moro, ikifika juu inaweza kupita kasi yake ya usalama, na beringi zikafa. Kwa gari lisilo na restrikta, dereva anayepanda Nyanda za Juu kweli anahitaji tabo yenye akiba kidogo. Kidogo, nasisitiza. Saizi moja juu, siyo tatu.

Ila kwa gari lenye restrikta hoja inageuka. Lile tundu linapitisha hewa kulingana na presha ya nje. Presha ikishuka, kilo zinashuka nayo. Ukitoka Moro kwenda Iringa na tundu lako la 34, umepoteza kama asilimia 12 ya hewa yako ya juu kabisa, na hakuna tabo duniani itakayokurudishia. Dari imeshuka kwa wote. Anayebaki na faida ni yule mwenye nguvu chini na katikati.

Kuna jambo jingine Mjomba alilieleza ambalo sikuwahi kulisikia. Tabo kubwa ikinyimwa hewa inakohoa. Imejengwa kupitisha kilo 25, unaipa 13 na bado unaitaka izidishe presha mara mbili na nusu. Hewa iliyoshindiliwa inakosa mtiririko wa kuisukuma mbele, inarudi nyuma kwenye feni, inatoka, inarudi. Unasikia mlio kama wa mtu aliyepaliwa. Kila kikohozi kinagonga mhimili na beringi zake. Gari halijavunjika bado, ila limeanza kuvunjika.

Na joto. Mji wetu huu mchana unafika nyuzi 35 bila kujitahidi. Hewa ikishindiliwa inapata moto. Tabo inayofanya kazi kwenye eneo lake zuri inaitoa hewa hiyo kwa nyuzi 150 hivi, na ikifanya kazi nje ya eneo lake inaitoa kwa zaidi ya 170. Nyuzi 20 zinaonekana ndogo mpaka utakapokumbuka kwamba hewa moto ina oksijeni kidogo na inafanya mafuta yawake kabla ya wakati ndani ya silinda. Huo mlio wa kugonga ndio unaotoboa pistoni. Intakula inasaidia, lakini intakula iliyojaa vumbi la mkonge ni blanketi.

Nilipofika nyumbani usiku ule nikaanza kupekua historia, na historia ikamuunga mkono fundi.

Gari la kwanza lenye tabo kushinda Safari Rally lilikuwa Toyota Celica, mwaka 1984, mikononi mwa Björn Waldegård. Mwaka mmoja kabla yake ilikuwa imeshinda Opel Ascona 400 isiyo na tabo. Celica ile ilisukumwa na magurudumu ya nyuma tu, wakati Ulaya tayari dunia nzima ilikuwa inasujudia Audi Quattro ya magurudumu manne. Ikashinda tena 1985 na Juha Kankkunen, na 1986 na Waldegård. Peugeot 205 Turbo 16, iliyotwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji miaka hiyohiyo miwili, 1985 na 1986, haikuwahi kushinda Safari. Audi wenyewe walisubiri mpaka 1987, Hannu Mikkola alipokuja na Audi 200, gari kubwa la familia. Sisemi tabo pekee ndiyo iliyoamua. Nasema Afrika Mashariki haijawahi kumpa kombe mtu kwa sababu ya namba iliyoandikwa kwenye karatasi.

Kisha Toyota haohao wakatawala: 1992 Carlos Sainz, 1993 Kankkunen huku Celica zikishika nafasi nne za juu, 1994 Mkenya Ian Duncan, 1995 Yoshio Fujimoto. Halafu katika mwaka huohuo wa 1995, wakafanya jambo linaloonesha lile tundu lina thamani gani.

Kwenye mbio za Catalunya, Hispania, wakaguzi walikuta restrikta ya Toyota imetengenezwa kiujanja. Ukiifungua mezani iko sawa, kipimo ni milimita 34. Ukiifunga kwenye gari, ukakaza, inasogea milimita chache na kuacha njia ya pembeni ambapo hewa inapita bila kupimwa. Walifutiwa pointi zao zote za msimu na wakafungiwa miezi 12. Kankkunen na Didier Auriol wakabaki bila kitu, Colin McRae akawa bingwa wa dunia.

Fikiria hapo. Kampuni kubwa kabisa, wahandisi wa kila namna, tabo yoyote waliyoitaka. Walipoamua kuiba, hawakuiba tabo kubwa. Waliiba upana wa tundu. Walijua nguvu imekaa wapi.

Nilirudi gereji keshokutwa yake. Nilitaka kujua kama hela ya bodaboda ingekuwa imerudi, ingetumikaje. Mjomba hakujibu kwa haraka, alikuwa anahangaika na nati iliyoshika kutu, na mimi nikaambiwa nishike tochi.

Kwanza, alisema, ile TD05 ifunguliwe, iangaliwe mhimili kama unacheza, ibadilishwe beringi na sili. Tabo nyingi zinazoletwa kwake zimekufa kwa oili chafu, au kwa dereva aliyezima injini ya moto ghafla, oili ikaungua ndani ya mhimili ikawa mkaa. Feni ya moshi inafanya kazi kwenye nyuzi zaidi ya 900. Ukimaliza kukimbia, iache injini iungurume dakika mbili. Hiyo haina gharama hata ya soda.

Pili chujio la hewa. Vumbi la mkonge linalamba ncha za feni kama msasa, na feni iliyolambwa haisukumi tena. Kisha rejeta, intakula, na kompyuta ipangwe upya na mtu mwenye vipimo, siyo mwenye maneno. Kilichobaki kiende kwenye shokomzoba na matairi.

Nikamkumbusha kuhusu ile mbinu ya kumwaga mafuta kwenye njia ya moshi ili tabo isilale ukiachia pedali, ile inayotoa milio ya bunduki watu wakashangilia. Si ingeiamsha hata GT35?

"Inaamsha," alisema. "Timu za kiwanda zinabadilisha tabo kama wewe unavyobadilisha soksi. Huyu dogo ana soksi moja."

Mimi ni wa soka, kwa hiyo kichwani nilikuwa naiona Mtibwa Sugar. Ubingwa wa 1999 na wa 2000 ulikwenda Manungu, kwenye mashamba ya miwa, siyo Kariakoo. Wazee wa mkoa huu hawasimulii straika mmoja, wanasimulia timu ambayo kila mtu alikuwa kwenye nafasi yake. Nilimwambia Mjomba, akasema yeye ni Yanga na hataki kusikia habari za Mtibwa.

Bado sijasema lolote kuhusu vijana watakaokuja na magari ya kununua yakiwa yamekamilika, na hapo kuna hoja ambayo wasimamizi wa mchezo huu nchini wanapaswa kuiangalia. Kenya mwaka 2022 waliwapeleka vijana wao watatu, McRae Kimathi, Jeremiah Wahome na Hamza Anwar, kwenye ubingwa wa dunia wa vijana na Ford Fiesta za Rally3: injini ya lita 1.5, silinda tatu, farasi 200 na kitu. Kila mtu tabo ileile, tundu lilelile, hakuna wa kumzidi mwenzake kwa boksi. Kwetu kijana anajisajilia mwenyewe, anajifunza kanuni baada ya kununua, na hakuna aliyemkalisha chini kumweleza tundu ni nini. Kama siku ya kujaza fomu mtu mmoja angekaa na hawa madereva chipukizi kwa saa moja tu na kipimo cha milimita mkononi, hela nyingi zingebaki mifukoni.

Wapo watakaoniambia huo ndo uhuru wa mchezo, kila mtu aungue kwa hela yake. Sawa. Ila hawa tunaowaacha waungue ndio haohao tunaowaandikia vichwa vya habari vya "Watanzania waangukia pua" siku ya Jumatatu.

Nilipokuwa naondoka, kijana wa Kihonda alikuwa amekaa juu ya kopo la rangi, boksi liko miguuni. Kuna jamaa Dar es Salaam mwenye Toyota Supra ya lita 3.0, gari la kukimbia mstari mnyoofu, hana restrikta wala kona, na kwa injini ile GT35 ni saizi yake. Mjomba ndiye aliyempa namba.

Alipiga mara ya kwanza, haikupokelewa. Mara ya pili ikapokelewa, jamaa akasema anaitaka ila atalipa nusu sasa na nusu mwisho wa mwezi. Kijana akaniangalia, akamwangalia Mjomba. Mjomba alikuwa ameshaingia chini ya gari, imebaki miguu tu inaonekana.

"Mwambie alipe yote," ilisikika sauti kutoka chini ya Evo, "na nauli ya boksi juu yake."